Nimetoboa jina langu kwenye kadi

Ukifika Mountain View, California, pitia Computer History Museum, jumba la makumbusho ya kompyuta, siku wanayowasha IBM 1401, kompyuta ya zamani iliyosoma programu na data kutoka kwenye matundu ya kadi za karatasi ngumu. Jamani, kelele zake! Nilikaa kwenye mashine ya kutobolea kadi hizo, nikabonyeza jina langu, tap, tap, kila herufi ikapata safu yake. A ni matundu mawili tu, moja mstari wa juu kabisa, jingine mstari wenye namba 1. Kadi moja ina safu 80, maana yake herufi 80, basi. Picha ya simu ya megabaiti 4 ingetaka kadi kama 50,000!

Ujanja ulionifurahisha ni huu: waandika programu walichora mstari wa mshazari kwa kalamu ubavuni mwa bunda la kadi. Likidondoka na kutawanyika, unazipanga hadi mstari unyooke tena. Na ole wako kama hukuchora.

Mvumbuzi Mmarekani Herman Hollerith ndiye aliyezipa kadi za matundu umaarufu, kwenye sensa ya Marekani ya 1890. Hizi za safu 80 IBM walizileta 1928. Kumbe ule upana wa herufi 80 kwenye dirisha la kuandikia amri za kompyuta umetokea huku!