Kufuma taulo ya jikoni: usiuvute mshindio

Pamba hurudi ikifuliwa, kwa kawaida kama asilimia 10. Ukitaka taulo ya upana wa sentimita 50, tanda mtande, yaani nyuzi za urefu, wa upana wa sentimita 56. Kwa nyuzi 8 kila sentimita, ni nyuzi 448.

Kingo zikiingia ndani, mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, umevutwa sana. Ulaze mshazari, kisha ugonge kwa kitana, lile chanuo linalousukuma uzi mahali pake. Ukipuuza hilo, uzi wa pembeni kabisa husuguliwa na meno ya kitana, huota manyoya, halafu hukatika. Huo uukague kila mara.

Usigonge kwa nguvu zote. Kitambaa kizito kinapendeza mkononi, lakini Julai ya Nairobi haina jua la kukikausha, na kitavunda kwenye kamba. Mimi napenda ufumaji mwepesi, hata kwa wateja wanaodai unene.