Ni Ile Ming'oko?

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu juzi saa tano usiku, saa ambayo kwetu simu ikiita watu wanawaza msiba. Hakuna aliyefariki. Ameajiriwa mwaka huu, anafundisha sekondari moja huko Lindi ndani, na mtaaluma wake, yaani mwalimu anayesimamia masomo na mitihani ya shule, amemtaka aziangalie upya alama za kidato cha nne kabla hazijapelekwa. "Shangazi, nimeziangalia upya," akaniambia. "Zimebaki zilezile." Nilicheka mpaka mwanangu akaamka. Nikamwambia nitampigia kesho yake. Kesho yenyewe imeshapita, maana kila nikishika simu namkumbuka binti wa ming'oko, ile mizizi ya porini wanayochemsha na kula watu wa kusini.

Mnaonifuata siku nyingi ile shule niliyokuwa nafundisha mnaijua, na mnajua kwa nini jina lake silitaji. Shule ya kata, juu kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, maji ya kununua kwa ndoo na mikorosho mpaka dirishani. Mwaka ni 2014.

Ili mnielewe lazima mkumbuke hali ya hewa ya wakati ule. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, na zaidi ya asilimia 60 ya watoto wa nchi nzima walikuwa na daraja sifuri. Iliundwa tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Ukaja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikapangwa kwa rangi kufuatana na ufaulu, kijani, njano na nyekundu. Sisi tulikuwa nyekundu. Kisha, mwishoni mwa mwaka huohuo, ikatangazwa kwamba katika alama 100 za mtahiniwa, 60 zitatoka kwenye mtihani wa Taifa na 40 kwenye CA, yaani alama za maendeleo anazokusanya akiwa shuleni. Mtihani wa kidato cha pili 15, mihula miwili ya kidato cha tatu 10, utamilifu (mock) wa kidato cha nne 10, kazi mradi 5. Ukiondoa ule wa kidato cha pili, zilizobaki zote zilikuwa zinapita mezani petu, kwa peni zetu.

Mnaona mlango ulipokuwa.

Mkuu wetu wa shule alirudi kutoka kikao cha wilayani na karatasi ya malengo. Akaisoma mbele yetu mara moja, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakuna aliyetamka neno kuchakachua. Nimekaa kwenye ualimu muda wa kutosha kujua kwamba neno hilo halitamkwi na anayelitaka. Yeye alisema tu, "Walimu, tusiwaangushe hawa watoto," na wote tukaitikia, maana nani anataka kuwaangusha watoto?

Matokeo yangu ya utamilifu, Hisabati, yalikuwa vile mnavyodhani. Walikuwapo wa 4, wa 9, wa 12. Wachache walivuka 30. Mvulana mmoja alipata 72, na nilisahihisha karatasi yake taratibu kama mtu anayekula embe la mwisho la msimu. Nikaiandika orodha, nikampelekea mtaaluma.

Mtaaluma wetu alikuwa mwalimu wa Jiografia, na naomba asije akaonekana mwizi humu. Alinunua chaki kwa mshahara wake. Mwaka ule vijana waliotoka vijiji vya mbali walikuwa wanalala sebuleni kwake ili wasome na taa ya sola. Aliipokea orodha, akaisoma mpaka chini, akaniuliza kama nadhani shule za mjini zinapeleka namba kama hizi.

"Sijui za mjini," nikasema.

"Unajua, mwalimu. Huko kila mtoto anaingia kwenye mtihani wa Taifa na 35 mkononi kati ya 40. Wetu wanaingia na 11. Tukiwa wakweli peke yetu, tunamwadhibu nani? Wilaya? Mkuu? Tunamwadhibu mtoto wa Mmakonde aliyekuja kwa miguu." Akachukua peni. "Wewe usiguse. Nitaongeza mimi."

Akaongeza 30 kwa kila mmoja. Hakupendelea mtu. Tatizo likawa yule wa 72, ambaye kwa mpango ule angepata 102. Mtaaluma akakuna kichwa, akamwandikia 96. Kwa hiyo aliyesoma kuliko wote ndiye aliyepewa kidogo kuliko wote, 24. Nilipomwonyesha alisema hisabati ina mambo.

Kisha mkeka, yaani orodha ya majina na alama, ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo, wageni wakija waone.

Siku mbili hazikupita. Ilikuwa jioni, msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, na shamba la jirani mashine zilikuwa zinaunguruma tangu mchana. Vumbi la njano lilikuwa limekaa kwenye madaftari, kwenye vikombe, kwenye nyusi za watu. Nilikuwa nimetoa kiti nje, chini ya mkorosho, nasahihisha ya kidato cha kwanza. Akaja binti mmoja wa kidato cha nne, wa dawati la nyuma, mtoto ambaye mwaka mzima sidhani nilimsikia akisema sentensi mbili zilizofuatana.

"Madamu, shikamoo."

"Marahaba. Mbona hujaenda nyumbani?"

Akatoa karatasi yake ya utamilifu kwenye mfuko wa sketi, imekunjwa mara nne. Akainyoosha juu ya goti, akanipa kwa mikono miwili.

"Umekosea kujumlisha, madamu."

Mwalimu wa Hisabati akiambiwa hivyo na mwanafunzi wa dawati la nyuma anashtuka kwanza, hata kama anajua ukweli. Nikashika peni. Akachuchumaa pembeni yangu, tukaanza pamoja, kidole chake kwenye karatasi. Sehemu A, maswali 10 ya alama 6 kila moja. La kwanza 6, la pili hakugusa. La tatu 4, la nne 3, la tano sifuri. La sita 6, hilo alilifanya vizuri kweli, nakumbuka hata mwandiko wake ulinyooka hapo. La saba 2. La nane na la tisa, sifuri. La kumi 3.

"24," akasema kabla yangu.

Sehemu B alijibu manne, akaambulia 5 kwenye moja na 2 kwenye jingine.

"31, madamu. Kule ukutani umeniandika 61."

Nikanyamaza. Mashine ya salfa ikazima ghafla, wale watu nadhani walikuwa wanaongeza mafuta, na kukawa kimya mahali ambapo mimi nilihitaji kelele. Nilikuwa na majibu kadhaa. Ningeweza kusema ni utaratibu mpya. Ningeweza kusema nenda kwa mtaaluma. Nikachagua kumuuliza kwa nini anauliza, swali la mtu anayetafuta muda.

Akatazama chini, akachora kitu kwenye mchanga kwa kidole, akafuta.

"Madamu, ni ile ming'oko?"

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa, na uso wangu wote ukawaka. Wiki iliyotangulia bibi yake alikuwa amemtuma kwangu na ming'oko ya kuchemsha kwenye bakuli lililofunikwa kanga, kwa sababu tu mimi ni mgeni na ilikuwa msimu wake, na kwa sababu mzee yule alikuwa na tabia ya kumpelekea kila mtu kitu. Niliila yote na chumvi na pilipili, nikarudisha bakuli na sukari robo. Wenzake darasani walikuwa wameliona lile bakuli likipita. Na mkeka ulipotoka, kila mmoja akaona jina la mwenzake tu, hakuna aliyejua kwamba wote wamepanda. Wakamwambia amenunua Hisabati kwa ming'oko.

"Bibi akisikia atakasirika," akasema. "Ataona nimemfanya ahonge."

Nikamwambia si ming'oko. Nikamwambia kila mtu ameongezewa 30, na sababu zake, nikazieleza jinsi nilivyoelezwa mimi, pamoja na watoto wa mjini na 35 zao. Sikuwa na hakika kama naruhusiwa kumwambia, lakini ilikuwa hiyo au kuacha bibi wa watu abebe rushwa asiyoijua. Alisikiliza vizuri sana. Na kwa kuwa ndilo somo langu, nikamwonyesha kwa hesabu kwamba jambo lenyewe ni dogo. Utamilifu una alama 10 tu kati ya zile 100. Kwa 31 anaingia na 3 na nukta, kwa 61 anaingia na 6 na nukta.

"Kwa hiyo tofauti ni alama tatu," nikamalizia, nikidhani nimemtuliza.

"Kama ni tatu tu, madamu, si ziondolewe?"

Kila hoja niliyokuwa nayo ilikuwa imejengwa juu ya moja kati ya mambo mawili, kwamba nyongeza ni kubwa kiasi cha kumwokoa au ni ndogo kiasi cha kutomdhuru mtu. Yeye alikuwa amezishika zote mbili pamoja.

Nilikwenda kwa mtaaluma jioni ileile. Alisikiliza habari ya ming'oko, akacheka sana, kisha akaacha kucheka. Akasema anaweza kumrudishia 31 yake, peni anayo. "Lakini ukimrudishia yeye, itabidi uwaeleze na wengine. Nenda darasani kesho, waulize mmoja mmoja, nani anataka 30 zake ziondoke. Yule wa 4 aliyepata 34, muulize wa kwanza." Alijua siwezi. Mwaka ule vijana wote wa kidato cha nne walikuwa wanaongea habari moja, gesi na kiwanda cha saruji kilichokuwa kinajengwa Msijute huko Mtwara, na kila tetesi ya ajira iliishia kwenye cheti. Ningesimama mbele yao niseme nini?

Mkeka ulibanduliwa asubuhi. Ukabandikwa mwingine wenye majina na madaraja tu, bila alama. Wenzake waliacha kumtania, au walipata la kutania jingine. Fomu zilipoenda wilayani sikuziona, kwa hiyo mpaka leo sina hakika mtaaluma aliandika 31 au 61 mbele ya jina lake. Binti aliponiuliza nilimwambia hivyohivyo. Akasema, "Haya, madamu," na akawa ananisalimia kama kawaida, ila ming'oko haikuja tena.

Novemba walifanya mtihani. Hisabati alipata D, ambayo kwa madaraja ya wakati ule ilikuwa kuanzia 30 hadi 39. Nimeipiga hesabu hii kwa kila njia. Inawezekana zile alama tatu ndizo zilizomvusha kutoka E. Inawezekana hazikufanya lolote. Baraza la Mitihani linatoa herufi, halitoi namba, na kwenye herufi huwezi kuona ming'oko wala peni ya mtu. Nasikia yuko Mtwara mjini, ana duka la vitenge, na halikopeshi.

Mtaaluma sasa ni mkuu wa shule, si pale, mahali pengine. Tunatumiana salamu kila Idi. Mwaka juzi nilimgusia habari ile, nikitarajia atakwepa. Hakukwepa hata kidogo. Alinitajia kwa majina waliofika vyuoni katika darasa lile, akawaweka kwenye ujumbe mmoja mrefu wa sauti, huku jogoo wake anawika nyuma. Mmoja ni mwalimu, mmoja yupo bandarini, wawili ni wauguzi.

"Waulize wagonjwa wao," akasema, "kama wanataka tuzirudishe zile 30."

Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikamwandikia kumuuliza wale wauguzi wawili walipata ngapi kwenye karatasi yangu, kabla ya peni yake. Akajibu hakumbuki, na kwamba mimi ndiye niliyesahihisha.