Asidia hatambuliwi kwa rangi yake

Maji ya bamvua yakitoka, geuza jiwe la ufukweni taratibu. Chini yake utakuta vinundu laini vimeng'ang'ania, vyeusi, vyeupe, vya rangi ya chungwa. Wengi huviita sifongo na kupita. Kiguse kimoja kwa ncha ya kidole: sifongo hashtuki, lakini asidia, mnyama wa baharini anayechuja maji, hufunga papo hapo midomo yake miwili, mmoja wa kuvuta maji na mwingine wa kuyatoa. Ukimbana, huyarusha.

Si jamaa wa chaza pia, ingawa wataalamu walimweka huko mpaka 1866, mwanazuolojia Mrusi Alexander Kowalevsky alipoonyesha kwamba mkia wa kiluwiluwi wake una notokodi, ule ufito ambao kwetu hutangulia uti wa mgongo. Kiluwiluwi akishajibandika mwambani, mkia huyeyukia mwilini na ushahidi hupotea. Kwa hiyo tunikata wote, yaani asidia na jamaa zake wa karibu, wamo katika faila (kundi kuu) ya kordata, pamoja na samaki, kuku na sisi.

Ngeli (madaraja) tatu za tunikata zilizo vitabuni, yaani asidia waliojibandika, thalia waeleao na apendikularia wanaobaki na mkia maisha yao yote, zinafaa kupangia chupa kabatini. Kiukoo hazisimami: jeni zinaonyesha thalia wamechipuka ndani ya asidia. Vilevile kuishi kwa makundi si ukoo. Botryllus huishi kwa makundi, lakini familia yake, Styelidae, imejaa wanaoishi mmoja mmoja.

Linaloamua asidia ni wa oda ipi kati ya tatu zifuatazo ni mfuko wa kuchujia maji na mahali zilipo tezi za uzazi. Aplousobrankia mwili wao umegawanyika kifua na tumbo, na tezi ziko kwenye kitanzi cha utumbo au nyuma yake. Flebobrankia, kama Phallusia nigra mweusi, mfuko wao ni bapa wenye vishipa vya urefu. Stolidobrankia mfuko umekunjwa, na tezi zimeshika ukuta wa mwili. Hapo hesabu mikunjo: Styelidae haizidi minne kila upande na vigusio vya mdomoni havina matawi, familia ya Pyuridae kwa kawaida huzidi minne, na vigusio vina matawi. Herdmania momus ni wa Pyuridae, na ukuta wa mwili wake umejaa visindano vya chokaa.

Ili uyaone hayo, usimng'oe kwa kumvuta. Mkate pamoja na kipande cha alichoshikilia. Mpige picha angali hai, maana formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, itafuta rangi. Mweke kwenye bakuli la maji ya bahari, nyunyiza chembe za mentholi juu ili alegee, funika. Baada ya saa moja au zaidi, gusa mdomo kwa sindano, akifunga, subiri. Hatua hii ndiyo hurukwa zaidi, na ndiyo huharibu sampuli nyingi: aliyekufa amejikunja huwa kama jiwe, na huwezi kuhesabu safu za vitundu vya mfuko wala mikunjo yake.

Kabla ya formalini, chukua nyama ya ndani kwa ajili ya DNA, uiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95, na ubadilishe ethanoli kesho yake kwa sababu maji ya mwilini huizimua. Usichukue ganda la nje, kwani hubeba mwani na vijidudu wengine.

Kisha formalini ya dukani, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji ya bahari. Mwenye ganda nene mdunge ndani kwa sindano, la sivyo anaoza katikati huku nje akionekana mzima. Weka boraksi kidogo: formalini ikigeuka asidi huyeyusha chokaa, na familia ya Didemnidae hutambulishwa na vinyota vya chokaa vilivyomo kwenye ganda lao. Kuviona, loweka kibanzi cha ganda kwenye jiki mpaka nyama iishe, suuza kwa maji baridi mara kadhaa, tazama kwenye hadubini. Usipoona kitu kabisa, kagua kwanza formalini yako kabla ya kumwondoa mnyama kwenye familia hiyo.