Nilifuata Pango Lisilokuwapo

Treni ya S28 inayotoka Düsseldorf, Ujerumani, ina kituo kiitwacho Neanderthal. Nilishuka pale asubuhi ya baridi, nikabaki nimesimama mbele ya kibao nikilisoma jina. Nililijua tangu shuleni Tanga, kwenye kitabu cha historia kilichochakaa, kama jina la binadamu wa kale, na sasa ni kituo cha treni, kama Muheza au Korogwe.

Bonde ni jembamba, lina miti mingi na mto mdogo, Düssel, unaopita chini yake. Limepata jina kwa Joachim Neander, mchungaji na mtunzi wa nyimbo za dini wa karne ya 17, aliyependa kuja huku. Enzi zake kulikuwa na magenge marefu ya mawe ya chokaa yenye mapango. Hayo mapango ndiyo niliyoyafuata, na hayapo. Machimbo ya karne ya 19 yaliyamaliza.

Mimi nimekulia si mbali na mapango ya Amboni, kwa hiyo niliumia kweli. Pango la chokaa ukilibomoa, umelibomoa.

Agosti 1856, wachimbaji wawili walikuwa wakikomba udongo ndani ya pango dogo la Feldhofer ili usichanganyike na chokaa. Waliumwaga chini bondeni, mita 20 hivi, na mifupa ikaporomoka nao. Ikadhaniwa ni ya dubu. Vipande 16 viliokotwa, akapelekewa mwalimu Johann Carl Fuhlrott, naye akatambua kwamba ni binadamu, ila si wa namna yetu. Mwaka 1864 mwanajiolojia William King akampa jina la kisayansi, Homo neanderthalensis.

Jumba la makumbusho liko hatua chache kutoka kituoni. Nilizunguka humo saa tatu nzima: zana za mawe, mafuvu, sanamu za watu wenye nyusi nene na macho ya upole. Mifupa yenyewe inatunzwa Bonn, hapa kuna nakala. Kilichonishika zaidi ni mkono wa kushoto. Ulivunjika karibu na kiwiko akiwa hai, ukaunga vibaya, asiweze tena kuutumia sawasawa. Hata hivyo aliishi baada ya hapo, akafika miaka 40 na kitu. Miaka 40,000 iliyopita, kwenye baridi ya zama za barafu, mtu wa mkono mmoja! Siamini kwamba aliyaweza hayo peke yake. Kuna waliomgawia nyama.

Kutoka hapo kuna njia ya miguu hadi mahali pango lilipokuwa. Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyejua hasa ni wapi, kwa kuwa genge zima lilikwisha kugeuzwa chokaa. Wanaakiolojia Ralf Schmitz na Jürgen Thissen ndio waliopekua ramani na maandishi ya zamani, wakachimba mwaka 1997, wakarudi 2000. Chini ya kifusi wakaukuta ule udongo uliomwagwa. Ndani yake mlikuwa na zana za mawe, mifupa ya mtu wa pili, na kipande kilichokaa barabara kwenye fupa la paja la kushoto la yule wa 1856. Baadaye wakapata mfupa wa shavu, nao ukaungana na fuvu lake. Nilimweleza mama mmoja aliyekuwa pale na wajukuu zake, kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, jinsi habari hii inavyonisisimua. Akanishika bega, akasema naye hurudi kila mwaka.

Siku hizi pana mnara, umefunguliwa 2022. Ukifika juu unakuwa usawa wa mlango wa pango. Nilipanda polepole, nikashika chuma cha ukingo kilicholowa umande, nikatazama mbele. Hewa tupu, matawi, na sauti ya mto chini. Nikakaa hapo mpaka treni mbili za kurudi mjini zikanipita.