Pete ya zamani imetoka ardhini, ni ya mwaka gani?

Watu wakiona nimetoa kitu ardhini swali la kwanza ni bei, la pili ndo "hii ya mwaka gani bana?", na hilo la pili ndo linanisumbua mimi usiku. Natembea na detekta ya metali hapa Jinja, Uganda, na vijijini Busoga, kwa mashamba ya watu walionipa ruhusa (sehemu kama Bigo bya Mugenyi usijaribu hata kidogo, ile ni kumbukumbu ya taifa). Zinatoka vifuniko vya soda mpaka mtu anachoka, halafu mara moja moja pete, ama hereni ya upande mmoja.

Pete za Waingereza ndo rahisi. Chukua lenzi angalia chapa ndogo zilizogongwa ndani. Nanga maana yake ilipimwa Birmingham, kichwa cha chui ni London, simba anayetembea ni silva ya 925, yaani sehemu 925 kwa 1000 ni silva safi. Ukiona 9 na .375 hiyo ni dhahabu ya karati 9, waliiruhusu 1854 kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukiona 15 na .625 furahi, kiwango hicho kilifutwa 1932. Halafu kuna herufi moja ya mwaka, lakini usikimbie nayo, angalia mwandiko na umbo la kingao kilichoizunguka, sababu herufi zikiisha wanaanza upya na mwandiko mwingine, na "k" moja na nyingine zinaweza kupishana miaka ishirini na kitu. Na tafadhali usisugue na dawa ya meno, utafuta hiyo chapa ndogo ubaki na pete inang'aa isiyosema kitu.

Dhahabu ya Wahindi haina huruma hivyo. Kila mtu Jinja ana story ya bangili zilizofukiwa 1972 wakati Amin aliwapa siku 90 waondoke, lakini karati 22 ya zamani mara nyingi haina chapa ya serikali yoyote, India yenyewe ilianza kugonga chapa rasmi ya dhahabu mwaka 2000. Hapo unabaki kuangalia kazi ya mkono, kifungo na skrubu. Hereni za klipu kwa mfano zilienea miaka ya 1930, ukiipata usiniambie ni ya enzi za Malkia Victoria.

Ninayoipenda zaidi ni rupia ya Edward wa Saba, 1906, mtu ameichomelea kitanzi juu aivae shingoni. Sura ya mfalme imelika kabisa, sikio na ndevu ndo vimebaki, upande wa pili maandishi bado makali, yaani ilivaliwa miaka mingi upande wa mfalme ukisuguana na nguo. Sasa 1906 inakwambia tu kwamba kidani si cha kabla ya hapo. Mimi naona kilitengenezwa baada ya 1921, shilingi ilipoingia na rupia ikawa imeacha kutumika, sababu rupia ilikuwa na silva karibu asilimia 92 na shilingi mpya 25 tu, sonara gani ataacha hiyo ya kwanza? Na ukikutana na dola ya Maria Theresa (sarafu ya silva yenye sura ya huyo malkia wa Austria) yenye 1780 usishangilie, waliendelea kuipiga na mwaka huohuo hata baada ya yeye kufa, kwa hiyo tarehe yake haikusaidii chochote.

Mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kupotea ni vitu viwili tofauti kabisa. Chini ya hiyo rupia, shimo lilelile, kulikuwa na senti kumi yenye tundu ya 1952. Ningesema kidani kilidondoka baada ya hapo, lakini pale pamelimwa mihogo na jembe linapindua kila kitu, kwa hiyo naiandika kwa penseli tu.

Mwenye pete yenye nanga na herufi anitumie picha ya ndani, ya nje sihitaji.