Baada ya Jalada Kufungwa

Jumanne, Machi

Leo ni Jumanne ya tatu ya mwezi wa Machi, siku ambayo wafanyakazi wa ustawi wa jamii huiadhimisha kila mwaka duniani kote, na asubuhi yake yote nimeimaliza masjala, nimechuchumaa mbele ya kabati la chini, nikitafuta jalada nililolifunga mwenyewe miaka sita iliyopita. Karani ameniambia kwamba majalada yaliyofungwa hayaulizwi, ndiyo maana yanakaa chini, nyuma ya maboksi ya fomu za zamani. Nimelipata kabla ya adhuhuri. Lina kurasa 11, zimefungwa kwa uzi wa kijani kwenye kona, na ukurasa wa mwisho una mwandiko wangu: "Mtoto ameunganishwa na familia yake (bibi mzaa mama) na amerudishwa shuleni. Jalada lifungwe."

Nimelitafuta kwa sababu wiki iliyopita nilikutana na mwenye jalada. Nilikuwa stendi nikisubiri gari la kwenda kata ya pembezoni kwa shauri jingine, na kijana mmoja aliyekuwa akiosha mabasi alikung'uta maji mikononi, akanisogelea na kusema, "Shikamoo, mama ustawi." Sikumtambua mpaka aliponitajia jina la bibi yake. Ana miaka 19 sasa. Nilipomtoa mtaani na kumrudisha nyumbani alikuwa na miaka 13, na kwa miaka yote hii nimemhesabu miongoni mwa mashauri yangu yaliyokwenda vizuri, yale machache ambayo mtu huyakumbuka usiku ili apate usingizi. Nilimuuliza aliishia darasa la ngapi. Alinijibu kwa utulivu, bila kunilaumu: "Mama, mlinirudisha darasa la tatu. Nilikuwa nakaa dawati moja na watoto wa miaka tisa. Nikivaa ile kaptula wananicheka. Nilivumilia mpaka Juni."

Jalada lile nililifunga mwishoni mwa Machi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba lile nililoliandika kama mafanikio ndilo lililomfukuza. Katika kata ya jirani kulikuwa na darasa la MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ambalo limewekwa mahsusi kwa watoto wa umri wake waliopitwa na shule, na ambako angeketi na wenzake wenye videvu vinavyoanza kuota ndevu kama chake. Sikuuliza. Nilimpeleka shule iliyokuwa karibu na nyumba ya bibi, mwalimu akampokea, sare ikapatikana, na mimi nikarudi ofisini kujaza fomu ya taarifa ya robo mwaka, ambayo ilikuwa na safu ya watoto waliounganishwa na familia zao na haikuwa na safu ya watoto ambao bado wako nyumbani baada ya mwaka mmoja.

Nimekuwa nikijiuliza kwa wiki nzima ni kwa nini haraka ile. Jibu la kwanza linalokuja ni wingi wa kazi, na si jibu la uongo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkabidhi afisa ustawi wa jamii mambo mengi mazito: kuandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya mahakama pale mtoto anapokinzana na sheria au wazazi wanapogombea malezi yake, kufuatilia malezi ya kambo (mtoto kulelewa kwa muda na familia nyingine) na uasili (mtoto kufanywa kisheria kuwa wa wazazi wengine), kukagua makao ya watoto. Ukiacha hayo, asubuhi nyingi huishia kwenye mashauri ya matunzo ya mtoto. Mwezi uliopita baba mmoja aliweka noti ya shilingi 10,000 katikati ya meza yangu na kusema hiyo ndiyo ya mwezi mzima, na mtoto wake wa miaka minne, aliyekuwa amepakatwa na mama yake, akanyoosha mkono akaishika, akaifungua na kuifunga kama mchezo, huku watu wazima watatu tukimtazama. Mashauri ya namna hiyo hula siku nzima, na hakuna hata moja linaloweza kuharakishwa bila mtu kuumia.

Kisha kuna suala la mahali tulipowekwa. Tangu Januari 2022 tuna Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na nilifurahi ilipoundwa, kwa sababu ilitupa jina na sauti. Lakini sisi tulio kwenye halmashauri tuko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na ndani ya halmashauri tumo katika divisheni moja na afya na lishe. Fedha zinapokuja kidogo, dawa hutangulia, na siwezi kumlaumu anayepanga hivyo, maana mtoto aliyekosa dawa hufa wiki hii, ilhali mtoto aliyerudishwa vibaya nyumbani huharibikiwa polepole, mahali ambapo hakuna anayemwona. Nauli ya kumfuatilia mtoto baada ya kumrudisha ndiyo ya kwanza kukatwa.

Hata hivyo, kwa uaminifu wote, naamini wingi wa kazi hauelezi kila kitu. Mwezi wa Novemba alikuja ofisini binti mmoja anayesoma shahada ya uzamili, akiwa na dodoso kuhusu uchovu wa kazi miongoni mwa maafisa kama sisi. Msingi wa maswali yake ulikuwa kipimo alichokitunga mwanasaikolojia wa Marekani, Christina Maslach, pamoja na mwenzake, kilichochapishwa mwaka 1981, ambacho huangalia mambo matatu: mtu kuishiwa nguvu za moyo, kuanza kuwaona watu anaowahudumia kama vitu, na kujiona kwamba hafanyi lolote la maana. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, liliutambua uchovu huu kuwa jambo linalotokana na mazingira ya kazi, likasema wazi kwamba si ugonjwa. Nilijaza dodoso lile kwa dakika kumi na kujiona mzima kabisa.

Tulipokuwa tunaagana nilimwambia kwamba tafsiri ya kipengele cha pili haikuwa sawa. Yeye alikuwa amekiita "kukosa huruma." Ni nani katika ofisi hii, nilimuuliza, atakayeweka alama ya vema mbele ya maneno hayo, katika nchi ambako mtu asiye na huruma ni mtu aliyelaaniwa? Tulikaa tukatafuta neno kwa muda mrefu kuliko nilivyotumia kujibu dodoso lenyewe, na hatimaye mimi ndiye niliyesema, bila kufikiri sana, "Sisi tunasema moyo umekufa ganzi." Akaandika. Kisha akanisomea swali upya kwa maneno hayo, na jibu langu likabadilika. Nilikaa kimya kwa muda, naye alikuwa na hekima ya kutonisemesha.

Tangu siku ile nimeiona lugha kuwa sehemu ya utafiti wenyewe, wala si kazi ya kumalizia baada ya utafiti kwisha. Taaluma yetu imeandikwa kwa sehemu kubwa na watu wa mbali, na mengi waliyoyaandika yanafaa. Namna ya kukusanya habari za familia hatua kwa hatua tumeipata kwa Mary Richmond, mmoja wa waanzilishi wa taaluma hii, aliyeipanga vizuri huko Marekani mwaka 1917, na mimi naitumia kila wiki. Lakini baadhi ya maneno yamekuja yakakwama. Tulifundishwa kumwita anayekuja kwetu "mteja." Mwambie bibi wa miaka 70, hapa Pwani, kwamba yeye ni mteja wako, na katika masikio yake mateja ni vijana wanaolala vibarazani kwa sababu ya dawa za kulevya. Nimeacha kulitumia. Naandika "bibi wa mtoto," naandika "mama," na mahakama haijawahi kunirudishia ripoti kwa sababu hiyo.

Sisemi kwamba hatuna tafiti. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 kwa vijana wa miaka 13 hadi 24 na kutolewa mwaka 2011, uliibadilisha kazi yangu kuliko semina yoyote. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana mmoja kati ya saba vilevile, na karibu robo tatu ya wote walipigwa au kuumizwa mwili. Wengi miongoni mwa waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Kabla ya namba hizo mwenyekiti wa mtaa aliweza kuniambia kwamba mambo hayo kwake hayapo. Baada yake nilikuwa na la kumjibu, na baadaye Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto wa 2017/18 hadi 2021/22 ukatupa kamati za kukalia pamoja. Kuanzia mwaka 2011, vilevile, vyuo vya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda vilishirikiana na wenzao wa Austria kuchunguza taaluma hii inavyofanya kazi Afrika Mashariki, kisha wakageukia njia za wenyeji za kusaidiana, na fasili ya kimataifa ya kazi yetu iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014 imeyataja maarifa ya wenyeji kuwa sehemu ya msingi wake. Wanyarwanda wana umugoroba w'ababyeyi (siku hizi huitwa umugoroba w'imiryango), jioni ambapo wazazi wa kijiji hukutana kuzungumza habari za nyumba zao; sisi tuna vikao vya ukoo na misiba inayokusanya mtaa mzima, na nimeona shauri la malezi lililoshindikana ofisini kwangu kwa miezi minne likamalizwa na shangazi mmoja kwa alasiri moja.

Ninachokikosa mimi, nikiwa mezani kwangu, ni maarifa ya aina nyingine: nini kilimpata mtoto huyu baada ya sisi kuondoka. Maarifa hayo yamo, kwa nusu yake, ndani ya kabati lile la chini, na nusu nyingine iko kwa watu wenyewe, ambao hatujawarudia.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi. Bodaboda shilingi 6,000 kwenda na kurudi, na dereva nilimwomba anishushe mbali kidogo, kwa kuwa pikipiki ya mama ustawi ikisimama mbele ya nyumba, mtaa mzima huanza kuuliza kuna nini. Nilimkuta uani anamenya mihogo, magamba yakiangukia kwenye ungo uliochakaa. Hakuacha kumenya. Nilimweleza kwamba sikuja na shauri wala msaada, kwamba nimekuja kuuliza tu, na kwamba akipenda anaweza kukataa. Akasema, "Mwanangu, ulileta madaftari, ukaleta na sare. Nikakuombea dua. Lakini hukurudi kuniuliza kama anaivaa."

Nimeandika maneno hayo kwenye daftari jipya. Nakusudia kuwarudia, mmoja mmoja, watoto ambao majalada yao niliyafunga mimi mwenyewe, wale watakaoridhia, na kuwauliza nani yuko nyumbani sasa, nini kilibadilika baada yetu, na lipi tulilolifanya ambalo hatukupaswa kulifanya. Mkuu wangu wa kazi ameridhia nianze, kwa sharti kwamba hakuna kitakachotoka nje ya ofisi bila kibali, na sharti hilo ni la haki. Watoto hawa waliniambia mambo yao wakiamini kwamba yataishia kwangu.

Saa tisa alasiri kijana alikuja, kama tulivyokubaliana. Ni mtu mzima sasa, na jalada ni habari zake, hivyo nilimsomea kurasa zote. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nyuma ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na kikaratasi kilichopachikwa baadaye, ambacho sikumbuki kukiona: "Taarifa ya mtaa: mtoto ametoroka." Kina tarehe ya Julai. Hakuna aliyelifungua jalada upya.

"Sikutoroka," alisema. "Nilimuaga bibi. Alinipa shilingi 2,000 na mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko. Andika niliondoka."

Nilichukua karatasi safi, nikaandika namba 12 juu yake, na nikaandika kama alivyosema, kwa maneno yake, pamoja na habari ya dawati na kaptula. Alitia sahihi kwa kuandika jina lake kwa herufi kubwa, moja baada ya nyingine, akiikandamiza kalamu. Kisha akauliza kama mtu wa miaka 19 anaweza kuanza tena mahali fulani ambapo hakuna watoto. Jumatatu saa mbili asubuhi tunakwenda pamoja kwa afisa elimu ya watu wazima. Amesema ataomba ruhusa kwa wenye mabasi.

Karani amepita mara mbili kuuliza kama amalize kulirudisha jalada kabatini. Nimemwomba aliache hapa mezani.