Podikasti za redioni za kusikiliza mikono ikiwa kazini

Watu huniuliza kila siku nasikiliza nini pale kibarazani na waya umening'inia sikioni, wengine wameshaamua ati ni mapenzi, naongea na mtu wa Mombasa. Hakuna mapenzi wala nini, ni redio. Yani podikasti, vipindi vya kusikiliza kwenye simu wakati unaotaka, lakini zile za redio za umma, BBC na NPR ya Marekani na vituo vyao, na nimeona niwaandikie zile zinazonifaa mie fundi cherehani, na zitakufaa na wewe unayekuna nazi au unayefua au uliyekwama kwenye matatu ya Malindi-Mombasa na hata Kilifi hamjafika.

Kwa nini redio ya umma na si wale vijana wawili wanaochekeana kwenye maiki mpaka mtu unajiona umekuja karamuni bila kualikwa? Kwa sababu mtu wa redio amefunzwa kuongea na mtu ambaye ana kazi nyingine. Anajua uko jikoni, anajua utageuka kupunguza moto na neno litakupita, kwa hivyo jina atalirudia, atakukumbusha tuko wapi, na mlango utausikia ukilia kabla hajakwambia mtu ameingia. Mie kwa hilo tu nishawapa maksi.

Kwa wenzangu wa vitambaa naanza na Planet Money ya NPR. Ilianza 2008 wakati mabenki ya Marekani yanayumba, kazi yake ni kueleza mambo ya pesa kwa lugha ya mtu wa kawaida. Sasa 2013 hawa watu waliamua kutengeneza fulana yao wenyewe na kuifuata kila inakopita, pamba ya Mississippi, uzi ukasokotwa Indonesia, za wanaume zikashonwa Bangladesh, za wanawake Colombia, na unasikia mashine za kiwandani zinavyolia na wale wasichana wa Bangladesh wanavyoishi na mshahara wao. Halafu wakauliza, je fulana ikichakaa Marekani huenda wapi? Wee unajua inakwenda wapi. Wakaja mpaka Gikomba, Nairobi, kwenye marobota ya mitumba. Mie nilikuwa nabana kiuno cha suruali ya mtumba wakati huo huo, nikaigeuza nikasoma lebo upya. Wageni waliokuja kueleza mitumba mara nyingi huboronga, wanaona huruma tu, lakini hawa walimsikiliza mfanyabiashara kama mfanyabiashara.

Kazi fupi, kama kutia zipu au kukaanga karai moja la mahamri, weka 50 Things That Made the Modern Economy ya BBC, anaisoma Tim Harford, kila kipindi dakika tisa hivi. Kuna kontena la meli, kuna zege, kuna injini ya dizeli, na kuna M-Pesa yetu imekaa humo humo na vitu vikubwa vya dunia.

Sasa 13 Minutes to the Moon. Hii ni ya BBC World Service, 2019, daktari mmoja anaitwa Kevin Fong anaeleza dakika 13 za mwisho kabla chombo cha Wamarekani cha Apollo 11 hakijatua mwezini Julai 1969. Msimu mzima kwa dakika 13, na hauchoshi! Wameweka sauti zenyewe za siku ile, kompyuta inatoa onyo la 1202 na hakuna anayejua mara moja ni la nini, mtu wa kituo cha Houston, kule Marekani wanakoongoza safari, anataja mafuta yaliyobaki, sekunde 60, kisha 30, na Armstrong, mkuu wa chombo, bado anatafuta mahali pasipo na mawe. Hapo mashine nimeisimamisha kabisa, mguu hauna nguvu. Akatokea mama mmoja mteja wangu.

"Mwanangu, mbona umeganda?"

"Shikamoo mamangu, ngoja kidogo, wanatua."

"Marahaba. Kina nani?"

"Watu wa mwezini."

"Haya. Na dera langu limetua?"

Na sisi watu wa Malindi tusijione tuko mbali na mambo hayo, pale Ngomeni Waitaliano walikuwa wanarusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa la baharini la San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, ikaruka moja ikapewa jina Uhuru, ya kwanza kabisa duniani kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani tu. Hiyo nayo ingetosha kipindi kizima kwa Kiswahili. Za Kiswahili ninazozipata mie nyingi ni habari, Dira ya Dunia ya BBC ni nzuri na naisikiliza jioni nikifagia vipande vya vitambaa, lakini habari ni habari, simulizi ndefu ya kukushika mpaka usahau chai tunaidai bado.

Radiolab kutoka New York ina kipindi kinaitwa Colors, cha 2012, kitafute. Rangi kwenye redio utaionyeshaje? Wao wakaleta kwaya. Mbwa anaona rangi chache, waimbaji wachache wanaimba, binadamu sauti zinaongezeka, kufika kwa mdudu mmoja wa baharini wa jamii ya kamba mwenye macho ya ajabu, kwaya nzima inafunguliwa. Mie ninayeshinda natafuta uzi unaofanana na kitambaa nilikiskiza mara mbili.

StoryCorps sikushauri dukani. Ni watu wawili tu wanakaa wanaulizana maisha yao, mtoto na mamake, mume na mke, na rekodi zinahifadhiwa maktaba ya bunge la Marekani. Ni fupi, lakini unapiga pasi gauni la harusi la mtu huku unafuta machozi. Hiyo weka usiku, ukikunja nguo zako mwenyewe.

Bando likiwa shida, pakua mahali penye waifai ndio usikilize. Na Kiingereza chao cha puani kikienda mbio, programu nyingi za simu za kusikilizia zina pa kupunguza mwendo, weka 0.8, wanakuwa kama wametoka kula biriani lakini kila neno unalipata.